Mbwa Alipanda, Bibi Yangu Akaambiwa Asubiri

Nimestaafu. Mnacheka, najua. Mtu wa darasa la nane, mwenye ndevu tatu kidevuni na zote za kubahatisha, anasema amestaafu. Sasa nitumie neno gani? Nilipewa kazi nikiwa darasa la tano, nikaifanya kila Jumamosi na kila Jumapili baada ya misa, kiangazi na masika, na leo sina kazi. Wazee wa posta wakifika hapo hupewa mkono na kiti cha kupumzikia. Mimi nilipewa kisogo. Basi ninyi wadogo mtakaoupokea ufagio wangu, someni haya kabla hamjaanza kujiona watu wakubwa. Nawaonya mapema kwamba naandika nikiwa na hasira, na ikitulia mahali fulani ni kwa sababu nilikwenda kula.

Kazi yenyewe ni kuwatembeza wageni katika kanisa kuu letu hapa Iringa. Watu hutoka mbali kuja kuliona kwa sababu ya lile kuba. Mapadre wa kwanza walilianzisha kabla ya vita, tofali zikachomwa kule bondeni, na mafundi wakaitwa kutoka kila upande hata Mbeya. Wengi wetu tumezaliwa tukalikuta, kwa hiyo tunaliona kama mlima tu. Mgeni halioni hivyo. Mgeni akiingia anatazama juu, anafungua mdomo, anasahau kuufunga. Kazi yako ni kusubiri mdomo ufungwe, kisha useme maneno machache. Kuhusu malipo naruka, kwa kuwa hakuna cha kuruka.

Aliyenifundisha ni Zakaria, ambaye wakati huo alikuwa darasa la nane na sasa yuko chuo cha ualimu akijifunza kuchapa watoto kwa utaratibu. Siku ya kwanza nilikariri historia yote ya kanisa, nikasimama mbele ya masista wawili kutoka Njombe nikaimwaga bila kupumua. Walipoondoka Zakaria akaniuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza kaka."

"Wale masista wameona nini?"

"Wameona kanisa."

"Wamekuona wewe. Mdomo wako na mate yako. Kesho ukae kimya mpaka waulize."

Alinionyesha vyombo vya kazi: ufagio wa fito, mti mrefu uliofungwa manyoya ya kuku kwa ajili ya buibui, ndoo, matambara, na karai la maji linalokaa mlangoni juu ya gunia. Vyombo vingine mtavizoea. Hilo karai ndilo nataka tulizungumze.

Mgeni anayekuja peku huambiwa anawe miguu katika karai kabla ya kuingia, ili asichafue sakafu. Mgeni mwenye buti haambiwi kitu. Hiyo ndiyo sheria, na nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani nimeisikia nusu. Mama aliyetoka Kilolo alfajiri, akavuka kijito kwa miguu mitupu, na maji ya kijito yakamwosha bure, anainama mlangoni ananawa tena mbele za watu. Bwana aliyeshuka garini kwenye tope la masika anapita hapo hapo kwa buti zake, anaacha mabonge kuanzia mlangoni mpaka altareni. Nani anafagia? Mimi. Nimeifagia sakafu ile kwa miaka yangu yote ya kazi, na nawaapieni kwamba udongo wa nchi hii hauingii kanisani kwa miguu. Unaingia kwa buti.

Nilimwuliza Mwalimu Kaspari. Huyu mnamjua: katekista wetu, msimamizi wa kanisa, mwenye ile suruali nyeusi iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake inaweza kukata mkate. Funguo zote za kanisa hukaa kiunoni mwake, isipokuwa ule wa ngazi za juu, ambao huvaa shingoni mtoto wa zamu.

Nikamwambia, "Mwalimu, kwa nini buti hazioshwi?"

"Kwa sababu ni buti."

"Lakini ndizo zenye tope."

"Wewe mtoto, ulimwona wapi mtu anaosha buti zake katika karai la kanisa?"

"Sijamwona. Ndiyo maana nauliza."

Alinipa kazi ya kupangusa viti vyote vya upande wa wanawake. Nikajifunza kwamba swali zuri hugharimu viti. Muwe nayo maswali, lakini yachagueni.

Kazi ngumu ya kwanza niliyokutana nayo haikuwa ya Wazungu. Walikuja wazee kutoka Rujewa, watu wa ng'ombe na mpunga, wenye mablanketi mabegani. Walinawa miguu, wakaingia, wakatazama juu, wakarudi nyuma wote pamoja. Tukawasihi wafike katikati, pale kuba linapoonekana vizuri. Hawakutaka. Walilizunguka kanisa lote wamebana ukuta, kama watu wanaopita kando ya shimo. Mimi nikaanza kucheka. Zakaria akanikanyaga kidole, akamwamkia mkubwa wao, akamwuliza, "Kamwene, baba. Mbona hamfiki kati?"

Mzee akasema, "Nyumba hii ya duara. Nguzo ya kati iko wapi?"

"Haina nguzo, baba."

"Kwetu nyumba ya duara huondolewa nguzo ya kati mwenyewe akifa. Nani kafa humu? Mbona hamjatuambia tukaja na pole?"

Mimi ningemwambia aliyekufa ni Yesu, na ningepigwa. Zakaria alikwenda akauchukua ule mti wetu wa buibui, akausimamisha wima katikati ya kanisa, manyoya ya kuku juu, akaushika kwa mikono miwili. "Nguzo hii hapa, baba." Mzee akamtazama, akacheka mpaka blanketi likamdondoka. Akaja, akaushika mti ule kwa heshima zote, na wenzake wakamfuata. Wakakaa pale chini wakitazama juu kwa muda mrefu, wakizungumza kwa sauti ya nyumbani. Mwalimu Kaspari alipotoka sakristia akakuta manyoya ya kuku mbele ya altare, hakuuliza nguzo ni nini. Tulipangusa viti vya pande zote mbili. Lakini hiyo ndiyo kazi, jamani. Mgeni ana sababu yake. Itafuteni kwanza, mcheke baadaye.

Sasa twende juu.

Kuba letu lina roshani nyembamba inayolizunguka kwa ndani, na ngazi ya kupandia iko ndani ya ukuta, nyeusi kama koo la mtu. Kule juu kuna madirisha madogo. Unaona mji, unaona Mto Ruaha Mdogo ukipinda, unaona milima inavyosukumana kuelekea kusini. Mlangoni pa ngazi kuna kibao: hapandi mtu ila wageni wa Ulaya na mtoto wa kuwaongoza. Basi. Mhindi mwenye duka hapandi. Mwalimu wetu wa hesabu hapandi. Waliolijenga, wakija kulitazama na wajukuu wao, hawapandi. Nilipouliza sababu niliambiwa ngazi ni nyembamba na watu wetu huja wengi. Wakija wawili je? Wawili huita wengine. Nilipangusa viti.

Na Mwalimu Kaspari mwenyewe? Yeye si mgeni wa Ulaya, na mtoto wa kuongoza wageni si yeye. Miaka yote hiyo amekuwa akiulinda mlango wa ngazi ambayo hajawahi kuikanyaga. Hilo sikuligundua mpaka siku yangu ya mwisho kazini, na ndiyo siku ninayotaka kuwasimulia.

Bibi yangu, mama yake baba, anakaa milimani upande wa Mbeya. Baba yangu alikuja Iringa kuendesha lori, akamwoa mama yangu ambaye ni Mhehe, akabaki. Mdogo wake baba aliitwa Ambakisye, naye alikuwa fundi mwashi. Alipokuwa kijana aliitwa kuja kupiga lipu kwenye kuba hili, upande wa ndani, pale pale kwenye roshani. Alipomaliza alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba amepaka ukuta mahali ambapo ndege wanapita chini yake. Kisha ikaja vita, akachukuliwa, akapelekwa Burma. Hakurudi. Kwetu hakuna kaburi lake la kufyekea nyasi. Bibi ameishi na jambo hilo miaka yote hii, na mwaka huu alianza kuona ukungu katika jicho moja, akasema anapanda basi kuja kuugusa ukuta wa mwanawe kabla jicho la pili halijaiga.

Alifika Ijumaa akiwa mwekundu kwa vumbi. Jumamosi nikamleta kanisani. Bibi ni Mprotestanti wa kweli kweli, kwa hiyo alisimama mlangoni kwanza akazitazama zile sanamu kwa jicho lake zima, kama mtu anayehesabu wageni wasioalikwa. Kisha akanawa miguu kwenye karai bila kunung'unika. Mimi ndiye niliyenung'unika.

Mwalimu Kaspari akaja. Bibi akachuchumaa akamsalimu kwa heshima, naye akaitikia vizuri. Sikatai, ni mtu wa adabu.

Bibi akasema, "Baba, mimi nataka kuona kazi ya mtoto yangu. Iko juu."

Nikaeleza habari yote: Ambakisye, lipu, Burma. Mwalimu Kaspari alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo nadhani ilikuwa ya kweli. "Pole sana, mama. Lakini juu hapana. Chini hapa unaweza kukaa mpaka jioni."

"Chini sioni," Bibi akasema. "Jicho yangu mbaya."

"Ni sheria, mama. Siyo yangu."

"Ya nani?"

"Ya kanisa."

Bibi akanigeukia, akaniuliza kwa Kinyakyusa kama kanisa ndilo lililomzaa Ambakisye. Sikulitafsiri. Viti vilikuwa vingi siku ile.

Wakati huo gari likasimama nje. Akashuka bwana mmoja wa machimbo ya dhahabu ya Chunya, buti mpaka magotini, na mkewe, na mbwa. Mbwa mkubwa, wa rangi ya chai ya maziwa, ulimi nje. Wakaingia wote watatu. Hakunawa mtu. Nikadhani Mwalimu Kaspari atasema neno juu ya mbwa. Alisema: "Karibu bwana, karibu memsabu." Kisha kwangu: "Wewe, wapandishe."

"Na mbwa, Mwalimu?"

"Wapandishe wageni."

Nikawapandisha. Ile ngazi ambayo ni nyembamba mno kwa mama wa fundi aliyelipaka kuba ilimtosha mbwa na mkia wake. Nyuma yangu nilisikia kucha zake zikigonga jiwe, na kila mlio wa kucha ulinipanda kichwani. Bwana alitazama dirishani akasema panapendeza. Memsabu alisema anasikia kizunguzungu. Mbwa hakusema kitu. Aliinua mguu akakojoa kwenye ukuta wa kuba, taratibu, kama mwenye mali.

Waliposhuka, bwana akamwambia Mwalimu Kaspari huku akicheka kwamba mbwa amefanya ubaya kidogo juu. Mwalimu naye akacheka kidogo, kwa adabu. Wakaondoka. Akanigeukia: "Chukua ndoo na tambara, kasafishe."

Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi yake nzuri kuliko zote. Nikasema, "Mwalimu, ndoo nzito. Niruhusu nichukue mtu wa kunisaidia kusafisha."

"Chukua, lakini haraka," akasema, akaenda sakristia kupanga mavazi ya kesho.

Nikampa Bibi tambara.

Nataka mlielewe jambo hili vizuri, ninyi mtakaovaa ule ufunguo. Mama wa fundi hakuruhusiwa kupanda kuutazama ukuta wa mwanawe. Msafisha mkojo wa mbwa aliruhusiwa. Ni mwanamke yule yule, miguu ile ile, na ameshanawa. Kama kuna mtu anaweza kunieleza hesabu hiyo, aje bwenini kwetu shuleni. Nitamsikiliza bila kucheka, jambo ambalo mnajua ni gumu kwangu.

Tulipanda polepole. Bibi alishika ukuta kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine, na pale ngazi inapopinda alikaa chini kupumua. "Alipanda hapa na chokaa kichwani?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. "Huyu mtoto aliyekuwa akiogopa kupanda mti wa mparachichi!" akasema, akainuka.

Tulipofika juu nilitaka nimwonyeshe madirisha kwanza, na mji. Hakuyataka. Aliuweka uso wake karibu kabisa na ukuta, akaanza kuupapasa kwa viganja, polepole, akizunguka. Mahali fulani akasimama, akarudi nyuma, akapapasa tena. "Hapa aliharakisha," akasema. "Kuna kibonde. Ambakisye sikuzote alikuwa na haraka, hata kuzaliwa alizaliwa njiani." Akacheka peke yake. Kisha mguu wake ukakanyaga majimaji, akanusa, akaniuliza ni nini. Ningeweza kumdanganya. Mimi ni mwongo mzuri, waulizeni walimu wote. Siku ile ulimi ulikataa.

"Ni mkojo wa mbwa, Bibi."

Alipiga magoti akaosha. Aliosha pale mbwa alipokojoa, kisha akaendelea na palipokuwa safi, akisugua na kusuuza, mpaka maji ya ndoo yakawa meupe kwa chokaa. Nilipotaka kumsaidia aliusukuma mkono wangu. Tambara lilipochakaa akafungua kitambaa chake cha kichwa akaendelea nacho.

"Shukeni!" Sauti ya Mwalimu Kaspari ikapanda kutoka chini. "Nani huyo juu? Shukeni upesi!"

Bibi akajibu bila kugeuka, "Ngoja, baba. Namfyekea mtoto yangu."

Tukasikia viatu kwenye ngazi. Vilikuja kwa kasi, kisha vikapungua, kisha tukasikia mtu anakwea kwa mikono na magoti. Mwalimu Kaspari akatokeza kichwa, kisha mabega. Alikuwa na maneno mengi mdomoni, niliyaona. Lakini alifanya kosa la kutazama chini, akajikuta hawezi kusimama. Akabaki amepiga magoti kwenye chokaa iliyooshwa ukutani, ameng'ang'ania nguzo ndogo ya roshani. Baadaye kidogo akainua macho dirishani.

"Ile ni nyumba yangu," akasema. Hakumwambia mtu yeyote. "Yule ni mke wangu anaanika nguo."

Bibi akasogea akamwekea mkono mgongoni. "Usitazame chini, baba. Tazama mbali." Wakakaa hivyo, wamepiga magoti wote wawili, mmoja akitazama ukuta na mwingine akitazama nguo zake zikianikwa.

Tulipoteremka, Padre Mkuu, mzungu anayesimamia misheni yetu, alikuwa amesimama mlangoni pa ngazi, chini ya kile kibao. Alikuwa amesikia kelele.

"Nani alikuwa juu?" akauliza.

Nikasema, "Mimi na bibi yangu, Padre. Kusafisha."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Nikamtazama Mwalimu Kaspari. Alikuwa amesimama kando, amebana kofia yake kifuani. Akasema, "Mtoto alinidanganya, Padre. Nilikuwa chini hapa nikiwaita. Mimi sijapanda. Sheria naijua."

Nawaambieni, nimeonewa mara nyingi, na mara nyingine nilistahili. Lakini neno lile lilinichoma kuliko fimbo zote. Mtu ameiona nyumba yake kwa mara ya kwanza kutoka juu, machozi hayajamkauka, tayari ameshaiuza! Nilifungua mdomo nimseme. Kisha nikawakumbuka watoto wake saba, yule wa mwisho bado anabebwa mgongoni, nikaufunga. Padre akanyoosha mkono. Nikauvua ufunguo shingoni nikampa.

Kiswahili cha Padre kilimpita Bibi, akaniuliza kwa Kinyakyusa, "Anauliza nini huyu mzungu?"

"Anauliza ni akina nani walikuwa kule juu."

"Si umwambie. Tulikuwa wanne." Kisha akamwambia Padre mwenyewe, kwa Kiswahili chake: "Padre, sisi wanne. Mimi, mjukuu yangu, baba huyu ya funguo, na mtoto yangu Ambakisye."

Uso wa Mwalimu Kaspari ukawa kama chakula cha jana. Padre akageuka akitafuta. "Ambakisye ni nani? Yuko wapi?"

"Alikufa Burma, Padre," nikasema.

Padre akatabasamu, kisha akacheka kwa upole, ule upole wa kumpapasa mtoto kichwani. "Ah. Bibi amechoka. Safari ni ndefu, amechanganyikiwa." Mwalimu Kaspari akadakia upesi, "Ndiyo Padre, amechanganyikiwa." Basi ikawa hivyo: kwa kuwa mmoja wa wanne ni marehemu, na wa tatu naye akahesabiwa hakuwapo. Ukweli wote ulisemwa mbele ya altare, ukachekwa.

"Wamesema nini?" Bibi akaniuliza.

"Wamesema umechanganyikiwa. Na Mwalimu anasema hakupanda."

Bibi akamtazama Mwalimu Kaspari, kwanza usoni, kisha akashuka mpaka kwenye ile suruali nyeusi. Akamwendea. Akachuchumaa mbele yake, na kwa kile kitambaa chake cha kichwa kilicholowa akaanza kumpangusa magoti, moja kisha la pili, taratibu, bila kuacha hata punje. Magoti yote mawili yalikuwa meupe. Mwalimu Kaspari alisimama kama mtoto anayevalishwa asubuhi ya Pasaka, kofia imemwanguka.

"Hii chokaa ya mtoto yangu," Bibi akamwambia. "Usiende nayo nyumbani. Wewe hujapanda."

Akaifunga ile chokaa katika kitambaa, akapiga fundo. Na Padre akaacha kucheka.